Natembea Mombasa kila jioni: mpira, miziki na habari za siku hizi (uzi mrefu, karibuni)

MtembeziLikoni — Jumamosi, 23 Agosti 2025

Asalaam aleikum wadau. Nimefungua huu uzi manake haya mambo nikikaa nayo kifuani peke yangu sipati usingizi. Jana mmeona wenyewe. Harambee Stars, timu yetu ya taifa, na Madagaska, robo fainali ya CHAN, lile kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, 1-1 mpaka dakika 120 zikaisha, alafu penalti, tukatolewa 4-3. Nilikuwa Likoni kwenye kibanda cha jirani yetu mmoja, watu tumeshonana, watoto wamekaa chini mbele ya TV, kina mama wamejaa dirishani na leso zao, na ile penalti ya mwisho ilipopita hakuna aliyepiga kelele, hakuna hata aliyetukana. Mwenye kibanda akazima TV tukabaki twaangalia kioo cheusi.

Nikatoka nikatembea. Ndiyo kawaida yangu, kila jioni nikitoka kazini natembea, mwaka wa pili huu tangu baba afariki. Nikateremka feri nikavuka, sina safari, sina mtu wa kwenda kumuona, ni vile tu sikutaka kurudi nyumbani na ule ukimya. Kumbe feri nayo imenyamaza. Mwaijua feri ya Ijumaa usiku ilivyo, wauza njugu, mtu anahubiri, vijana wanacheka, simu zinaimba kila pembe. Jana watu wamesimama tu wanaangalia maji. Halafu mzee mmoja kashika baiskeli akasema kwa sauti, wala hakuwa anamwambia mtu, "Kongo tuliwafunga." Kijana nyuma yake akaitikia, "Angola tukatoka sare." Mwengine akasema Moroko tuliwafunga tukiwa watu kumi uwanjani. Mama mmoja mwenye beseni akamalizia, "Na Zambia." Wallahi feri nzima ikawa yahesabu zile mechi kama mtu avutaye tasbihi. Pointi 10, mara yetu ya kwanza kucheza CHAN, na kundi lina Moroko na Kongo ndani, tukatoka wa kwanza. Tulipofika upande wa kisiwani watu wakapanda ule mlima wa feri wakiongea tena.

Ila kuna kitu kimenikaa tangu jana na hakitoki. Mechi zetu zote tano zimechezwa uwanja wa Kasarani, Nairobi. Miye nina miaka 41 na Kasarani sijawahi kuingia. Mombasa hatukupata hata mechi moja manake hakuna pa kuichezea, mji wa pili kwa ukubwa Kenya, na AFCON yenyewe inakuja 2027, sisi na Uganda na Tanzania. Nataka tuongee hilo, na mengine yote ninayoyaona nikitembea. Karibuni.


ChumaChangamwe — Jumamosi, 23 Agosti 2025

Pole ndugu yangu, pole sote. Mimi ile ya Moroko nilienda. Nilipanda basi Mwembe Tayari Jumamosi usiku, asubuhi niko Nairobi, nazunguka na jezi yangu nangoja mechi. Ogam alipofunga nilimkumbatia mtu ambaye mpaka leo simjui jina, tulikumbatiana mpaka machozi. Usiku huohuo nikageuza na basi, Jumatatu nikashukia kazini moja kwa moja na macho mekundu. Nauli, tiketi, kula, pesa ya mwezi ilikwenda yote na sijutii hata shilingi. Kinachoniuma ni mwanangu, ana miaka 9, nilimuacha mlangoni analia manake nauli ya watu wawili sikuwa nayo. Angekuwa anacheza Mombasa huyo Ogam ningempandisha mtoto kwenye tuktuk tukafika.


BintiMajengo — Jumamosi, 23 Agosti 2025

Kaka mtembezi, uzi mzuri. Hebu tuambie unapita wapi hasa na saa ngapi. Mimi natamani sana kutembea, daktari mwenyewe kaniambia nitembee sababu ya presha, lakini jioni kuna vichochoro naogopa.


MtembeziLikoni — Jumapili, 24 Agosti 2025

Dada, na una haki kuogopa, sitakwambia hakuna kitu. Ntakwambia njia ninayopita na saa ninazopita, wewe utapima.

Mimi nikivuka feri nashika kulia, barabara ya Mama Ngina, bahari iko mkono wa kulia mpaka nichoke nayo, ingawa sijawahi kuchoka nayo. Pale tangu patengenezwe 2019, mwaka ule sherehe za Mashujaa zilifanyiwa papo hapo, pamekuwa na viti, taa, na watu wengi wa familia zao, kwa hiyo mpaka saa mbili usiku hivi hupati shida. Asubuhi ndio kuzuri zaidi kwako, baada ya alfajiri utawaona kina mama wanatembea makundi makundi na mabuibui yao na raba, jiunge nao tu, hawaulizi. Jioni ni mihogo ya kukaanga, pilipili na ndimu, madafu, na meli. Zikipita meli kubwa kuingia Kilindini feri inasimama kuzingoja, na pale ng'amboni kwetu utaona watu wamejaa kwenye rampu wadogo kama mchele. Mwezi huu kusi bado yavuma, bahari ina povu na upepo unakupiga uso, chukua mtandio mzito.

Ile mibuyu ya pale, kabla hamjaipita simameni nayo kidogo. Ina miaka mamia. Ilikuwako kabla ya hii barabara na kabla ya wale waliotujengea hii barabara. Baba alikuwa akifika kwenye mbuyu mmoja mnene karibu na laitihausi anaugusa kwa kiganja, hasemi kitu, anaendelea. Sikumuuliza kwanini. Sasa naugusa mimi.

Kutoka pale nakata Kizingo, natokea Ngomeni. Watalii waita Fort Jesus, sisi Ngome. Mreno aliijenga 1593 mpaka 1596, akaja akazingirwa na Waomani tangu 1696 hata 1698 ndipo ikaanguka, miaka karibu mitatu watu wamo ndani wanakufa kwa njaa na maradhi. Baadae mkoloni Muingereza akaifanya jela. Nikipita jioni kuta zinakuwa rangi ya chungwa bivu na paka wamelala juu yake, na najiuliza ni watu wangapi waliiangalia hii bahari kutoka mle ndani wakitamani tu kutembea kama ninavyotembea mimi.

Halafu naingia Mji wa Kale, Ndia Kuu. Kwa wale wa bara, ndia ni njia kwa Kimvita, kwa hiyo ni njia kuu, na kwa kweli ni nyembamba hata tuktuk mbili zapishana kwa kuombana. Hapo ndipo habari za nchi huzisikia. Miye gazeti sinunui tena. Nakaa barazani kwa muuza kahawa, kikombe kimoja na kashata, na dakika ishirini nshajua serikali imesema nini, bei ya unga imefika wapi, nani kafariki, nani kahamia timu gani. Mwezi wa Julai hapohapo ndipo tulipomlilia Diogo Jota, yule wa Liverpool aliyekufa na ndugu yake kwenye ajali ya gari Uhispania. Mzee mmoja ambaye simu ya tachi hana, mpira wa Uingereza huangalia fainali tu, alisikia ni ndugu wawili kwa pamoja akaweka kikombe chini akasema, "Mama yao yuko hai?" Tukamwambia yuko. Akanyamaza mpaka tukaondoka. Sisi mashabiki tulikuwa twaongea mabao na mkataba na jezi namba 20, yeye aliona mama.

Msikiti wa Mandhry naupita nikisikia isha, ule ni wa 1570, mnara wake mweupe mnaujua. Kisha Kibokoni, Makadara, nje ya Marikiti ambako usiku panabaki harufu ya karafuu na maji ya kuoshea samaki, nachukua matatu narudi feri. Dada, vichochoro vya nyuma ya Kibokoni baada ya saa tatu sipiti hata mimi.


KisauniSauti — Jumatatu, 25 Agosti 2025

Umesema mpira umesema kahawa, miziki je? Umeandika kwenye kichwa cha uzi. Sisi wengine ndio tunaoungoja huo upande.


MtembeziLikoni — Jumanne, 26 Agosti 2025

Haya miziki. Nimechelewa manake hili naliongea kwa uchungu kidogo na nilitaka nilipange.

Wiki iliyopita kulikuwa na harusi mtaani kwetu. Dijei ana spika refu kuliko nyumba, kuanzia saa mbili ni amapiano, ya Afrika Kusini, kisha Diamond, Zuchu, Marioo, kisha amapiano tena. Vijana wanaruka, raha. Ilipofika saa tano hivi shangazi wa bwana harusi, mama mtu mzima, akatoka ndani na kundi lake, wamejifunga leso kiunoni, wakasimama mbele ya dijei hawachezi, wamesimama tu. Dijei akaelewa. Akaweka chakacha, ngoma yetu ya harusi za pwani. Basi ule uwanja ulibadilika, wasichana wa miaka kumi na tisa ambao dakika tano nyuma walikuwa wanacheza amapiano wakaingia katikati, na viuno vikajua la kufanya bila kufundishwa. Nilisimama ukutani nikaona, hii haikufa. Imelala kwenye miili ya watu inangoja mtu asimame mbele ya dijei.

Sasa swali langu. Huu mji ulikuwa na Juma Bhalo wa taarabu, aliyetutoka 2014, mtu aliyechukua mahadhi ya filamu za Kihindi akayatilia mashairi ya Kiswahili mpaka ukasahau yalitoka Bombay. Ulikuwa na Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu lakini akaishi hapa, udi ukilia mkononi mwake barabara ya harusi inatulia, naye akaenda 2016. Zuhura Swaleh. Mzee Ngala na bango yake, ile yenye saksafoni ambayo wazee wa Kimijikenda na Wakristo na Waislamu wote waliicheza pamoja. Them Mushrooms nao wametoka Mombasa, ule wimbo wao wa kukaribisha wageni dunia nzima yaujua. Na kabla ya hao wote Muyaka, karne ya kumi na tisa mwanzo, mashairi yake mpaka leo watu wanayatumia kujibizana barazani. Mji wenye urithi huo, leo ukipanda matatu kutoka Bamburi mpaka Mjini nyimbo kumi, tisa zimetoka Dar.

Sina ubaya na Bongo. Nazipenda, nazijua kwa moyo. Wametushinda kwa kitu ambacho ni chetu, Kiswahili kinachoimbika, mtu anajua kuweka neno mahali pake. Vijana wetu wapo, Masauti ni mtoto wa huku kwetu Likoni na sauti yake haina deni kwa mtu, Susumila amepambana miaka mingi, Nyota Ndogo alituimbia maisha ya kawaida ya mtu wa kawaida wakati redio za Nairobi zataka Kiingereza na Sheng. Wanachokosa ni sisi. Tunangoja mpaka Dar wamkubali ndio na sisi tumkubali.


KisauniSauti — Jumanne, 26 Agosti 2025

Kaka hapo nakupinga kwa heshima. Mimi nafanya biti nyumbani kwa laptopu, najua ninachosema. Kukosa kusikizwa ni nusu tu. Nusu nyengine ni pa kupigia. Msanii wa Mombasa akitaka kufanya shoo ya watu elfu tano, wazi, watoto na wazee wakaingia, ataifanya wapi? Kwenye vilabu wazazi wetu hawaingii. Hoteli za ufukweni anaimbia wageni. Muziki unakua ukiwa mbele ya watu, na sisi watu tunao, uwanja hatuna. Kwa hiyo umesema mambo mawili, mpira na muziki, mimi naona ni moja.


MzeeWaKibokoni — Jumatano, 27 Agosti 2025

Wanangu nawasoma. Huyo kijana wa Kisauni kasema kweli na nawapa ushahidi. Zein nilimsikiliza mara nyingi, na hakuna hata mara moja nililipa kiingilio. Ilikuwa ni harusi, turubai limefungwa njia nzima, mwenye arusi amemlipa, na mtaa wote umeketi kwenye mikeka. Muziki ulikuwa na pa kukaa kwa sababu njia ilikuwa yetu. Siku hizi njia ni ya magari.


MtembeziLikoni — Jumapili, 31 Agosti 2025

Nimeyafikiria maneno yenu nikitembea wiki nzima. KisauniSauti umenishinda, nakubali, ni jambo moja.

Jana, siku ya fainali, Moroko wakachukua kombe 3-2 mbele ya hao hao Madagaska waliotutoa, mimi sikwenda kibandani mapema. Nilitembea kutoka mjini mpaka kule uwanja wa Manispaa. Wadogo hapa huenda hamukuukuta ukiwa uwanja. Ulivunjwa utengenezwe upya, miaka ikapita, na mpaka naandika haujaisha. Nilizunguka nje ya mabati yote, nikatafuta tundu nikachungulia.

Baba alikuwa kibarua bandarini, na alikuwa ananileta pale Jumamosi. Nakumbuka vitu vidogo. Karanga kwenye karatasi ya gazeti iliyokunjwa pembe. Jua la saa tisa. Wanaume wazima wakimwita kila mchezaji kwa jina la nyumbani kwao, "we mtoto wa fulani, pasi!" manake walimjua mamake. Na baba alikuwa kila tukikaa lazima anihadithie Feisal. Feisal FC, mnaijua? Timu ya Mombasa, bingwa wa ligi ya Kenya 1965. Alikuwa kijana mdogo lakini alihadithia kana kwamba aliibeba yeye hiyo kombe kuipitisha Makadara. Nikiwa mtoto nilidhani 1965 ni jina la mchezaji.

Alafu Bandari, timu yetu ya hapa Mombasa. Watu wanaisahau haraka. Januari 2019 walikwenda Dar, kombe la SportPesa, wakawafunga Simba 2-1 nusu fainali, Simba, Dar, mbele ya mashabiki wao, wakaja wakapoteza fainali kwa Kariobangi Sharks 1-0. Mwaka huohuo wakabeba kombe la Shield la Kenya na wakaingia Kombe la Shirikisho Afrika, wakawatoa Wasudani, wakawatoa Watunisia wa Ben Guerdane, ndipo Horoya ya Guinea ikawasimamisha. Na hizo mechi za nyumbani za Afrika wakazicheza Kasarani. Nyumbani! Kilomita 480 kutoka Mbaraki, uwanja wao. Nilisikiza kwa redio nikiwa kwenye tuktuk, dereva alisimamisha kando ya barabara Ganjoni tukasikiza wote wawili mpaka mwisho, hakunitoza ile dakika arubaini.

Kwa hiyo mtu akiniambia watu wa Mombasa hawapendi mpira wa kwao, wanapenda wa Uingereza tu, mimi namwuliza, umewapa wapi pa kuupendea? Mapenzi yataka mahali. Mtoto anaipenda timu kwa sababu babake alimbeba mabegani akaona nyasi. Kwa TV utaipenda ile yenye kamera nzuri.

Mabati yale, nje yake, kulikuwa na watoto kama kumi na wawili wanacheza na mpira wa sandarusi uliofungwa kamba, goli ni mawe mawili. Nilikaa nikawaangalia mpaka magharibi. Kuna mmoja wa kushoto, mashallah.


ChumaChangamwe — Jumapili, 31 Agosti 2025

Umenikumbusha mbali. Na sisi wa huku bara upande wa Changamwe, njooni siku moja mtembee daraja la Makupa, hili jipya la 2022. Zamani ilikuwa tuta limeziba, maji ya huku na huku hayajuani. Sasa maji yanapita chini na wavuvi wamerudi na mishipi yao. Jioni upepo wake ni dawa.


MtembeziLikoni — Jumatatu, 20 Oktoba 2025

Wadau nimepotea karibu miezi miwili, kazi, na mtoto aliugua, alhamdulillahi kapona. Leo ni sikukuu ya Mashujaa nimekaa nyumbani nimesoma uzi wote tena na nimeona nirudi, manake hii wiki haikuwa wiki ya kunyamaza.

Jumatano ile, tarehe 15, nilikuwa kwenye feri ya asubuhi naenda kazini. Ikaanza kwa simu moja. Mtu akasema "haiwezekani", akamuonyesha wa pembeni. Halafu nyengine, halafu nyengine, mpaka tunafika kati ya maji feri yote imeinamia simu. Raila Odinga, waziri mkuu wa zamani, amefariki India. Watu wakawa wanasema uongo huo, mwaka jana pia walimuua mtandaoni, ngojeni. Tulipofika kisiwani hakuna aliyekuwa anasema uongo tena. Mwanamke mmoja alikaa kitako palepale kwenye rampu na kapu lake, watu wakimpita huku na huku, na hakuna aliyemharakisha.

Sitaki uzi huu ugeuke wa vyama, tafadhali, tuna watu wa kila upande humu na tumekaa vizuri. Lakini Mombasa ilimpenda yule mzee, hilo hata aliyempinga analijua. Miaka 80, na karibu maisha yangu yote ya kufahamu jina lake lilikuwa kwenye kila kahawa niliyokunywa, wakimsifu au wakimlaumu. Barazani jioni ile MzeeWaKibokoni wewe ulikuwepo, uliona. Muuza kahawa hakuchukua pesa ya mtu.

Kisha Alhamisi mwili ukaja, na ukapelekwa wapi? Kasarani. Palepale. Tukaona kwa simu ile bahari ya watu, tukaona na watu wamepoteza maisha, walitoka nyumbani kwenda kuaga na wao wakaagwa, Mungu awarehemu. Ijumaa Nyayo, Jumamosi Kisumu, jana akazikwa Bondo. Siku nne nchi nzima inahama kutoka uwanja hadi uwanja kulia. Na sisi huku tulilia kwa vidole. Kila mtu na kioo chake. Jumamosi nilitembea njia yangu yote, feri, Mama Ngina, Ngomeni, Ndia Kuu, na kila kundi nililolipita limezunguka simu moja, watu watano sita vichwa vimegusana. Nikawaza ile Agosti. Tulifurahi kwa simu, tumelia kwa simu.

Pale Mama Ngina jua lilipozama kuna vijana walileta spika ndogo, ile ya kubeba. Nikadhani wataweka muziki wa kucheza, nikakasirika kabla hawajaanza. Waliweka bango. Taratibu, ile saksafoni ya chini. Watu wakaanza kusogea, mmoja mmoja, wengine na mihogo yao mkononi, mpaka tukawa labda watu mia, hatujuani, tumesimama tu tunaangalia bahari na ile saksafoni. Mama mmoja akatandika leso akakaa, watu wakafuata wakakaa. Karibu saa nzima. Hakuna aliyehutubu.

Pepo zishageuka, kusi imekwisha, maji yametulia kama mafuta. Nikaugusa mbuyu wa baba nikapita.


BintiMajengo — Jumatatu, 20 Oktoba 2025

Nilikuwepo Mama Ngina Jumamosi ile. Nilikuwa nimekaa karibu na yule mama wa leso, sikujua na wewe upo. Tangu Agosti natembea na wale kina mama wa asubuhi, kaka, siku nne kwa wiki. Presha imeshuka. Nilitaka uijue hiyo.


MzeeWaKibokoni — Jumatatu, 20 Oktoba 2025

Mwanangu, babako nilimjua. Sikutaka kukwambia hapa mpaka leo. Ule mbuyu, walikuwa wakikutana chini yake vijana wa bandarini siku za mechi, ndio wanahesabiana nauli nani hana, kisha wanatembea pamoja hadi Manispaa. Wengi wao hawapo. Alikuwa akiwasalimu.


MtembeziLikoni — Jumatatu, 20 Oktoba 2025

Mzee wangu. Nimesoma hii mara tano. Ahsante. Ntakuja kesho baada ya asri tukae, nataka majina yao wote.

Na kwa wengine, nina ombi. Jumamosi hii, saa tisa kasorobo, tukutane chini ya mapembe, yale matao ya mfano wa pembe za ndovu, pale Moi Avenue. Tutatembea polepole, hakuna kukimbia, mpaka mnara wa Mbaraki tuuone, kisha uwanja wa Bandari palepale jirani. Kama kuna mechi tutaingia tuishangilie mpaka koo zikauke, kama hakuna tutaangalia vijana wakifanya mazoezi. KisauniSauti njoo na spika yako na zile biti zako, nataka kuzisikia nje ya laptopu. Dada BintiMajengo walete na kina mama. Maji ya kunywa kila mtu abebe yake, jua bado kali.


KisauniSauti — Jumatatu, 20 Oktoba 2025

Nipo. Spika ina chaji ya saa sita.


ChumaChangamwe — Jumanne, 21 Oktoba 2025

Nakuja na mwanangu. Nimemwambia jana usiku na leo asubuhi nimemkuta amelala na jezi. Anauliza kama anaweza kubeba mpira wake.


MtembeziLikoni — Jumanne, 21 Oktoba 2025

Mwambie aubebe.